Jibu Atalitoa Chini

Limbert Ticona aliingia kwenye kibanda cha teleferiko, usafiri wa kamba wa angani, akiwa haoni kitu. Nje, baridi ya Juni ilikuwa ya kugandisha mate. Ndani mlikuwa na pumzi za watu na harufu ya sufi iliyolowa, na miwani yake ikajaa ukungu papo hapo. Alipapasa benchi, akapata mahali laini, akakaa.

"Kaka! Mkate wangu huo!"

Akainuka kwa kasi, akagonga kichwa darini. Mfuko wa mikate ulikuwa umelala chini yake kama samaki aliyekanyagwa.

"Samahani, dada. Sikuona."

"Hukuona? Na hiyo miwani ni ya urembo?"

"Mimi ni fundi wa miwani," alijitetea, na hapo ndipo alipojua kwamba angenyamaza angefanya jambo la maana.

Kibanda kizima kilicheka. "Basi Mungu awalinde wateja wako," msichana alisema.

Ukungu ukaanza kuyeyuka, na Limbert akamwona kidogo kidogo: kwanza koti la kijani lenye vifungo vikubwa, kisha skafu ya alpaka iliyozungushwa mara kadhaa, kisha midomo iliyopakwa mafuta yasipasuke, na juu ya yote, nywele nyeusi zilizosimama wima kwa sababu alikuwa ametoka kuvua kofia ya sufi.

"Na wewe, dada, unafanya kazi gani?"

"Msusi. Saluni iko Sopocachi, kule chini mjini."

Limbert akazitazama zile nywele. "Basi na wateja wako Mungu awalinde."

Msichana akajishika kichwani, akataka kukasirika, akashindwa. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Jina lake lilikuwa Nelva Choque.

Wakati huo teleferiko ilikuwa imeuacha ukingo wa El Alto. Ghafla hapakuwa na ardhi. Vibanda vya kioo viliteleza kwenye kamba ya chuma juu ya shimo kubwa la La Paz, taa za mji bado zinawaka chini kabisa, na ng'ambo, juu ya giza lote lile, kilele cha mlima Illimani kilikuwa kimeshika rangi ya waridi, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijaonekana. Limbert alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza.

"Umeona nini?" Nelva aliuliza.

"Mlima."

"Kwani jana haukuwepo?"

"Ulikuwepo. Lakini mimi wa jana sikuwa huyu."

Nelva akamtazama kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. "Mimi barafu nimeikuta asubuhi kwenye bomba, kaka. Sina haja ya kuitazama tena huko."

Toka siku hiyo walisafiri pamoja. Aliyetangulia kituoni alimngoja mwenzake, na safari ilianza kwa Nelva kutoa malalamiko. Bomba limeganda, amenawa uso kwa maji ya birika. Ngazi za kituo zina sakitu, ameshuka kwa makalio mbele za watu. Foleni imefika barabarani, na yule bwana wa nyuma anakohoa kwenye shingo yake kana kwamba amepangishwa hapo. Kadi ya nauli haishikiki na glavu, na glavu hazivuliki ila kwa meno. Benchi la kibandani ni baridi kama kaburi. Alilalamika kwa ufundi, akiigiza sauti, na Limbert alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu tena.

Kulikuwa na kero moja ambayo Nelva hakuwahi kuitaja. Mbwa mmoja asiye na mwenyewe, mwenye manyoya yaliyomfunika hadi machoni, alikuwa akimngoja kila alfajiri mlangoni. Alimpa jina la Sajini. Sajini alimsindikiza hadi kona ya soko, akala ncha ya mkate, akarudi. Limbert alikuja kituoni kwa njia nyingine, kwa hiyo hakuwahi kumwona.

Jioni zilikuwa za simu.

"Umefika, kipenzi?"

"Nimefika. Miguu siisikii."

"Ipo. Nimeiona asubuhi, mizuri sana."

"Acha uongo! Nilivaa soksi tatu."

"Ndiyo nasema. Soksi tatu, na bado mizuri."

Jumamosi moja walikunywa api kwenye kibanda cha mama mmoja sokoni, ile ya mahindi ya zambarau yenye mdalasini, moto wa kuunguza ulimi. Nelva alibaki na mstari wa zambarau juu ya mdomo. Limbert alimwambia, na badala ya kumpa kitambaa akaufuta kwa busu. Mama wa api aligeuka kukoroga sufuria yake, na aliikoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha ikaja asubuhi ile. Limbert aliwahi, akamwona Nelva kwenye foleni amempa mgongo, simu sikioni. Akanyata ili amzibe macho. Nelva alikuwa akiongea na dada yake wa Oruro.

"Nimechoka naye, dada. Kila asubuhi yuko nami, ananitazama kwa yale macho yake ya huruma… Ni mzuri, sikatai. Lakini siwezi kuishi naye, chumba chenyewe kimoja. Jumapili hii namalizana naye, kabla sijamzoea zaidi."

Alikuwa anamzungumzia Sajini. Dada yake alikuwa na ua mkubwa na alikubali kumfuga. Lakini Limbert, ambaye hakujua habari ya mbwa yeyote, alishusha mikono yake iliyokuwa hewani, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaacha watu wapite mbele yake.

Mwenye duka la miwani alikuwa akifungua tawi Santa Cruz, kule chini kwenye joto, na kwa muda mrefu alikuwa akimbembeleza Limbert akalisimamie. Limbert alikuwa akikataa. Mchana wa siku ile alikubali.

Nelva alipiga simu.

"Uko wapi, mpenzi? Nilikushikia nafasi ya dirishani, nikagombana na watu."

"Kazi zimenibana."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

"Basi niendelee kukushikia?"

"Mpe mwingine," Limbert akasema, akakata.

Nelva alibaki ameishika simu kama kitu kilichomng'ata. Alipiga tena, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akajiambia kuna mwanamke mwingine, hapana shaka, pengine mteja mwenye macho makubwa anayehitaji kupimwa kila wiki. Na kwao wasichana hawakufundishwa kubisha mlango mara mbili.

Limbert akaanza kupanda vibanda vya mapema zaidi. Nelva akasafiri peke yake, na malalamiko yake yakakosa wa kuyasikiliza. Bomba liliganda, hakumwambia mtu. Aliteleza, akainuka, akaendelea. Na kwa kuwa hakuwa na wa kuongea naye, akaanza kutazama nje.

Siku ya kwanza aliutazama mlima kwa hasira. Siku nyingine aliona jinsi mwanga ulivyoanzia kwenye ncha, ukashuka taratibu juu ya theluji mithili ya mtu anayemfunua mtoto blanketi. Siku nyingine aligundua kwamba taa za mji hazizimiki kwa mpigo. Huzimika mtaa kwa mtaa, kana kwamba mtu anapita akiziaga. Alishangaa kwamba alikuwa amepita juu ya mambo haya maisha yake yote akiwa ameinamia glavu zake. Kila jambo jipya aliloliona lilimjia na hamu ya kumgeukia mtu na kumwambia, na pembeni alikaa bwana wa kukohoa.

Siku moja mke wa fundi mwenzake Limbert alikuja kusukwa. "Limbert? Jumamosi anapanda basi la Santa Cruz, anahama kabisa. Hakukwambia?" Nelva alimsuka yule mama hadi mwisho bila kukosea hata unywele mmoja, kisha akaenda uani akalia karibu na kamba ya taulo.

Ijumaa ilianguka theluji. El Alto iliamka nyeupe: matofali mekundu, mabati, magunia ya soko, vyote vimefunikwa. Kituoni ilikuwa vurumai. Watu waliteleza na kushikana wasiojuana, matope ya barafu yaliingia viatuni, na mlinzi aliwasukuma abiria ndani ya kibanda chochote kilichofika. "Ingia, ingia, dada, usichague!"

Mlango ukafungwa. Nelva akainua macho. Mbele yake, goti kwa goti, alikaa Limbert.

"Habari za asubuhi," Limbert alisema.

"Nzuri."

Kati yao na dirisha alikuwepo mama mmoja mnene mwenye sketi pana za mikunjo na kofia ya duara, amepakata furushi. Na mabwana wawili wa ofisini wenye tai. Kibanda kikatoka ukingoni, kikazama ndani ya wingu. Kisha upepo ukakibembeza, na kamba ikasimama. Sauti ya kipaza ikawaomba wavumilie hadi upepo upungue.

"Nasikia unahama," Nelva akasema.

"Kesho."

"Bila hata kuaga."

"Nilidhani utafurahi. Si ulikuwa unamalizana nami Jumapili?"

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, Nelva. Kwenye foleni. 'Nimechoka naye, ananitazama kwa macho ya huruma, siwezi kuishi naye.' Ningefanya nini? Nikae nikutazame zaidi?"

Uso wa Nelva ulibadilika mara kadhaa. "Limbert," alisema polepole, "yule ni mbwa."

"Nani mbwa?"

"Sajini! Mbwa! Ana manyoya hadi hapa! Nilimpeleka Oruro kwa dada!"

"Ulisema ni mzuri."

"Ni mzuri! Leo anakushinda wewe!"

Mabwana wa tai walikuwa wanatazama viatu vyao, mabega yakitikisika. Mama wa kofia hakujificha. "Kijana," aliuliza, "ina maana umemwacha binti wa watu kwa wivu wa mbwa?"

Kibanda kikalipuka kwa vicheko, na Limbert mwenyewe akacheka, mikono usoni. Lakini alipoitoa mikono aliona Nelva hacheki.

"Neno moja," Nelva alisema. "Ulikosa kuniuliza neno moja. Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza nina kasoro gani."

"Niliogopa jibu."

"Na mimi je? Mimi hukunipa hata cha kuogopa. Ulininyamazia tu."

"Nimekukosea," Limbert alisema. "Sana."

Ndipo upepo ukalirarua wingu.

Lilifunguka lote kwa pamoja. Chini yao La Paz ilikuwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo, paa juu ya paa, na hapakuwa na honi wala injini, kwa sababu hakuna gari lililothubutu kushuka. Kimya hicho hakuna aliyewahi kukisikia juu ya mji ule. Na Illimani ulisimama karibu sana, vilele vyake vyote wazi, ukiwaka dhahabu, mkubwa kiasi kwamba ilibidi macho yausafiri kutoka upande hadi upande. Jua likaingia kibandani likawagusa mmoja mmoja. Mama wa kofia aliinua viganja vyake kulielekea. Bwana mmoja wa ofisini akavua kofia, hakujua kwa nini. Walikuwa wadogo, wananing'inia kwenye uzi, na hakuna aliyeogopa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Nelva. "Siku zote hizi nimeutazama peke yangu," alinong'ona. "Nikikasirika. Mzuri vile, na wewe hupo nikwambie."

Limbert akamshika mikono, glavu juu ya glavu. "Siendi."

"Umeshakubali kazi."

"Santa Cruz ni tambarare tupu. Asubuhi nitatazama nini?"

Alitoa simu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi Nelva ambonyezee namba. Sauti ya mwenye duka ilisikika na wote: "Unasema nini? Leo? Limbert, una wazimu? Tutaonana hapa, na sikuahidi kitu!" Simu ikakatwa.

"Pengine sina kazi," Limbert alisema. Alivuta pumzi. "Nelva, nikiwa na kazi au sina. Utakubali nikuoe?"

Mama wa kofia alilikumbatia furushi lake. Nelva aliutazama mlima kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Nitakujibu tukifika chini."

"Kwa nini chini?"

"Kwa sababu hapa juu mtu anaweza kusema ndiyo kwa lolote."

Kamba ikashtuka, kibanda kikaanza kushuka. Hawakuachana mikono. Chini kituo kilikuwa kimefurika watu waliochelewa, wanasukumana na kufoka. Mtu alimkanyaga Nelva kidole cha mguu. Theluji iliyoyeyuka ilimdondokea shingoni kutoka kwenye paa. Alikanyaga dimbwi, na maji ya barafu yakaingia kiatuni hadi kwenye soksi ya tatu. Akasimama hapo hapo, katikati ya msongamano, mguu mmoja juu, nywele zimesimama, pua nyekundu.

"Ndiyo," alisema.