Boti Isiyopandishwa Mchangani

Kwa maelezo ya Bi Skolastika, boti ya Mzee Telesphory ilitoka Kagunga asubuhi moja ikiwa na abiria, mbuzi wawili na madumu ya mawese. Walipofika katikati ya safari, upepo ukageuka, na mawimbi yakawa marefu kama nyumba. Boti nyingine tatu zilirudi zilikotoka. Hiyo moja ilipita tu, ikaingia mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, na wali uliokuwa kwenye sufuria ya mama mmoja haukulowa hata punje.

"Hata tone," Bi Skolastika alisema, akigonga ukingo wa beseni lake. "Ile si boti, ile ni nyumba."

Aliyasema hayo jioni ya Jumatatu, uani kwa jirani zake, baada ya kusikia kwamba Mzee Telesphory anaiuza boti yake pamoja na mashine. Gasper, mwenye nyumba, alimsikiliza akiwa ameshika tonge la ugali bila kulila. Mke wake, Winfrida, aliendelea kuchambua dagaa. Binti yao Honorata, mwanafunzi wa darasa la sita, alimtazama baba yake na kujua anachokiwaza.

Gasper alikuwa mvuvi katika boti ya mtu mwingine huko Kagunga. Alikuja nyumbani mara moja tu kwa mwezi, siku za mbalamwezi, wakati mwezi unapong'aa usiku kucha na dagaa hawazifuati taa za wavuvi. Siku hizo zilikuwa kama wiki moja. Kisha aliondoka tena. Akiwa na boti yake mwenyewe angevua hapahapa Kibirizi, na kila siku angekuwa nyumbani. Honorata aliitaka boti ile kuliko kitu kingine chochote.

Kesho yake alfajiri, kama kawaida, alibeba ndoo na sufuria chafu akashuka ziwani kabla ya kwenda shule. Kwa kuwa zilikuwa siku za mbalamwezi, boti zote zilikuwa zimepandishwa mchangani zikauke. Ndivyo wanavyofanya wavuvi kila mwezi: hukagua mbao na kuziba nyufa kwa pamba. Boti moja tu ilikuwa bado majini, imefungwa kwenye kigingi, rangi yake ya buluu mpya kabisa. Ilikuwa ya Mzee Telesphory.

Mzee mwenyewe alikuwa ndani yake, ameinama. Alikuwa na dumu lililokatwa, anachota maji na kuyamwaga nje. Alichota na kumwaga, akachota na kumwaga, mpaka Honorata akamaliza kuosha sufuria zote tatu.

"Shikamoo, babu," Honorata alisema.

Mzee alishtuka kidogo. "Marahaba, mjukuu wangu. Mvua hii ya usiku imenijazia boti."

Honorata aliitikia kwa kichwa, akajitwisha ndoo. Njiani alipita kwenye dagaa za mama yake, zilizoachwa zimeanikwa tangu jana. Zilikuwa kavu, zinalia chini ya vidole vyake. Kungekuwa na mvua, mama angeamka kuzianua. Honorata alisimama hapo kidogo, halafu akaenda shule bila kumwambia mtu.

Mchana, Honorata alipotoka shule, wote watatu wakaenda kuiona boti. Mzee Telesphory aliivuta kamba ya mashine mara moja tu, ikanguruma. Gasper alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Unaisikia, Mama Hono?"

"Naisikia," Winfrida alisema. "Mzee, mbona wenzako wamepandisha zao, wewe bado?"

"Mama, mtu akiwa na afya unamlaza hospitali?" Mzee Telesphory alicheka, na Gasper akacheka naye. "Lakini msikae mkifikiri sana. Kuna mtu wa Ujiji anakuja Jumamosi, na amesema anakuja na fedha mkononi."

Bei aliyoitaja ilikuwa sawasawa na akiba yao yote, pamoja na mtaji wa dagaa wa Winfrida. Isingebaki hata ya mafuta ya mashine.

Usiku wazazi walizungumza kwa muda mrefu. Winfrida alisema, "Tukiinunua ikaharibika, tutakula nini?" Gasper akajibu, "Na nisiponunua, nitaendelea kuwa mgeni katika nyumba yangu?" Hawakugombana. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe mazito.

"Hono, mbona huli?" mama aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, nawe hujala?"

Honorata alimega tonge, akaliweka mdomoni.

Jumatano alfajiri alishuka tena ziwani. Mzee Telesphory alikuwa mahali palepale, na dumu lilelile. Safari hii hakusema lolote kuhusu mvua, na Honorata hakuuliza. Alirudi mbio, maji yakimwagika begani. Alimkuta baba yake anafunga bahasha ya fedha ndani ya shati, tayari kwenda kuinunua boti.

"Baba, ile boti inaingiza maji. Mzee huyachota kabla hamjaamka. Nimemwona jana na leo."

Gasper alishusha mikono. "Jana? Mbona hukusema jana?"

Honorata alitazama miguu yake iliyolowa. "Nilitaka uwe unalala hapa."

Baba yake hakumfokea. Alikaa kwenye kigoda, akaisogeza chai yake kando. Kisha akasema, "Twende wote, na mama yako."

Pale mwaloni alimwomba Mzee Telesphory jambo moja tu: boti ipandishwe mchangani.

"Ya nini? Ikikauka itafunguka mbao," mzee alisema.

"Hilo ndilo ninalotaka kuliona, mzee wangu."

Wavuvi waliokuwa wakiziba boti zao walikuja kusaidia kuvuta. Bi Skolastika naye hakukosa. "Mwakeye," aliwasalimu kwa Kiha, akasogea karibu ili asipitwe na kitu. Boti ilipofika juu, maji yalianza kutoka chini yake. Yalitoka, yakatoka, yakachimba mfereji mchangani kurudi ziwani.

"Nyumba yako inakojoa, Bi Skolastika," mvuvi mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Mimi nilisema nilivyosikia," Bi Skolastika alijitetea. "Siku hiyo mwenyewe nilikuwa Mwandiga, msibani."

Ndayikunda, fundi wa boti, alipiga magoti. Aligonga ubao wa chini kabisa, ule unaobeba boti nzima, kwa mpini wa kisu. Sauti ilikuwa kama ya kugonga kiazi kilichooza. Akageuza kisu, akakisukuma bila nguvu. Kikazama chote.

"Rangi ni mpya," alisema taratibu. "Ubao ni wa zamani sana. Ikiwa majini, mbao zinavimba na kujibana, unadhani ni nzima. Wimbi moja la kweli likiipiga, watu watakufa."

Gasper alishika shati pale palipokuwa na bahasha. "Basi mimi siinunui."

Walikaa pembeni na Ndayikunda. Fundi aliwaeleza kwamba kwa sehemu tu ya fedha zile angeweza kuwatengenezea boti ndogo ya makasia, ya kuvulia karibu na pwani. Mtaji wa dagaa usingeguswa. Mashine ingekuja baadaye, kwa jasho la boti yenyewe. Boti ingekuwa tayari baada ya mbalamwezi mbili.

"Miezi miwili Kagunga," Gasper alisema, akimtazama mkewe. "Nitaivumilia."

"Tumevumilia mingi zaidi," Winfrida alijibu.

Kisha Gasper akamgeukia binti yake. "Nikwambie kitu, Hono. Mimi nimevua tangu nikiwa mdogo. Najua boti isiyopandishwa siku za mbalamwezi ina lake jambo. Niliiona jana, nikajifanya sikuiona, kwa sababu ileile yako. Mtu akikitaka kitu sana, macho yake huona kile anachopenda tu. Kwa hiyo ukiona jambo, liseme, hata kama litakunyima unachokitaka. Liseme hasa siku kama hiyo."

"Nimesikia, baba."

Wavuvi walirudi kwenye kazi zao. Mzee Telesphory alibaki peke yake kando ya boti yake, akiziba kwa tope na pamba mahali kisu kilipopita. Honorata alipokwenda kujaza ndoo yake upya, alimwita kwa sauti ndogo.

"Mjukuu wangu, mimi ni mzee, siwezi tena kwenda ziwani. Boti hii ndiyo niliyobaki nayo." Alibonyeza pamba kwa kidole gumba. "Yule mtu wa Ujiji anakuja Jumamosi asubuhi. Nakuomba kitu kimoja tu: siku hiyo usije kuchota maji hapa."

Honorata alimtafuta baba yake kwa macho. Gasper alikuwa amesimama hatua chache nyuma, amesikia yote, anamtazama yeye.

Ndoo ilikuwa imejaa. Honorata aliishika mkononi, akamwangalia mzee usoni. "Nitakuja, babu," alisema, "na yule mtu akiniuliza, nitasema nilichokiona."