Chakula cha Mzee Mbaruku

Kila siku Selina akitoka shuleni alivua sare, akachukua bakuli lililofungwa kitambaa kwa Bi Mboni, jirani yao wa chumba cha pili, akashika njia kutoka Kariakoo hadi lango la bandari. Chakula kilikuwa cha Mzee Mbaruku, mume wa Bi Mboni, kuli wa kupakua meli. Ulikuwa mwaka ule wa njaa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na hata huo ulipatikana kwa foleni. Bi Mboni alijinyima ili mumewe ale.

Jumanne moja magunia yaliporomoka bandarini, yakamfunika Mzee Mbaruku. Alizikwa kesho yake.

Matangani, Bi Mboni aliwaambia wanawake waliokaa naye mkekani, "Kinachonipoza moyo ni kimoja tu. Aliondoka amekula chakula cha mkono wangu."

Ulimi hauna mfupa, na wa Selina ulizoea kusahihisha watu. Ukisema jana badala ya juzi, hakuachi. "Hapana, Bi Mboni," alisema. "Hakula. Nilimpa bakuli, akaitwa kazini, akaliweka chini. Nilikuwepo."

Bi Mboni alijifunika khanga usoni. Tangu hapo hata maji aliyakataa, na nyumba nzima ikaingiwa na hofu.

Mama Selina alimwita binti yake uani.

"Mama, si nimesema kweli?"

"Umesema kweli. Wenzake walileta bakuli jioni ile, limejaa vilevile. Mimi ndiye niliyelipokea, nikaliosha, nikanyamaza."

Selina aliona aibu, akatamani ardhi immeze. "Basi nikamwambie alikula?"

"Sikutumi uongo. Hukuona jingine siku ile?"

Selina alifikiri huku machozi yakimtoka. Kisha akaingia chumbani kwa Bi Mboni, mama yake nyuma, akapiga magoti.

"Nisamehe, Bi Mboni. Alipofunua bakuli alicheka. Akamwambia mwenzake Shomari, 'Tazama, leo nimewekewa samaki! Mke wangu ananidekeza huyu.'"

Bi Mboni alilia kwa sauti, kilio kirefu. Kilipopungua, akapokea kikombe cha uji, akanywa mafunda mawili.

Walipotoka, Selina alikuwa bado analia. Mama yake alimfuta uso kwa upindo wa khanga.

"Kweli tuiseme, mwanangu. Lakini kabla hujamsahihisha mtu, mtazame kwanza. Yule hakuwa anatoa habari. Alikuwa anatafuta pa kushika asianguke."