Hodi Kwenye Mlango wa Kijani

Jioni hiyo mshonaji alipanda juu ya paa kuanua nguo. Kazi ya dakika tano tu. Mumewe, mwoka mikate, alibaki chini ghorofa ya tatu, binti yao wa wiki sita begani, mguu mmoja umevaa kiatu cha kazi na mwingine bado.

"Usiende kupiga soga huko," alimtania. "Zamu yangu inaanza saa mbili."

"Nipige soga na nani, na zile kamba?" akajibu mkewe.

Ni kweli. Miaka mitano ugenini, na katika jengo lile zima hakuna aliyejua lugha yao.

Na mwaka huu ulikuwa umewachakaza. Mwanzoni alifariki mama mzazi wa mshonaji huko nyumbani. Wakamzika kwa simu, picha ikaganda jeneza likiwa linashuka. Miezi miwili baadaye akafuata mtoto wao wa kwanza, wa miaka minne, ambaye walimwita Bosi kwa jinsi alivyokuwa anawapa amri. Homa ya siku tatu tu. Kisha mambo yakageuka. Mume akapata kazi mpya, wakahamia nyumba mpya yenye mlango wa kijani, binti akazaliwa. Ndugu wakapiga simu: sasa mmefutwa machozi.

Juu ya paa kulikuwa kimya. Mashuka yalikuwa yanapepea taratibu. Akaanza kuanua.

Akasikia harufu. Udongo... udongo uliochimbwa sasa hivi. Juu ya paa la saruji!

"Pole na kazi, mwanangu."

Lugha ya kwao! Moyo ulimruka kwa furaha. Nyuma ya shuka la mwisho alikaa bibi kizee juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, amemfunika gubigubi, mguu mmoja tu ndio unaning'inia.

"Shikamoo, bibi! Umetokea wapi?"

"Marahaba. Mbali. Natafuta pa kumpumzisha mjukuu wangu. Miguu inamuuma." Bibi alikuwa ananong'ona. "Watu wa hapa ni wa kengele tu. Nikibisha hodi, hakuna anayejua kuitika."

"Sisi tunajua! Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Bisha tu, bibi, utaitikiwa."

"Utaitika?"

"Nitaitika."

Bibi akatabasamu. Hakusema asante.

Mtu aliye kwao angeuliza kwanza. Wewe ni nani, mtoto wa nani, nani anakufahamu? Lakini mwenye kiu ya lugha yake hana muda wa maswali. Mshonaji alikumbatia nguo zake akashuka, anacheka peke yake.

Alipofika ghorofa ya nne, kicheko kikakatika.

Ile soksi.

Mguu uliokuwa unaning'inia ulikuwa na soksi ya kijivu, kisigino kimetiwa kiraka kwa uzi wa njano. Macho yake yamezoea kukagua mishono kutwa nzima, na ule aliuona bila kutaka kuuona. Vijisalaba vidogo vidogo, vinaanzia kushoto, cha mwisho kimerudiwa mara mbili. Hakuna fundi mwingine anayeshona hivyo. Ni mkono wake.

Na soksi ile alimvalisha Bosi siku ya kumzika.

Nguo zikamwagika kwenye ngazi. Aliingia ndani mbio, akafunga mlango, akamweleza mumewe yote bila kuvuta pumzi.

"Akibisha, usiitike. Kwa ajili ya huyu mtoto, mume wangu, usiitike!"

"Umechoka, mke wangu. Kaa chini kid..."

"Hodi."

Sauti ya bibi. Karibu kabisa, kama mdomo umegusa ubao. Mshonaji akaibana midomo yake kwa vidole.

"Hodi... Uliniambia utaitika, mwanangu."

Binti akaanza kulia. Mume akatikisa kichwa: hapana, hatuitiki. Alikuwa imara, mwanamume yule. Tangu msiba hakudondosha chozi. Yeye ndiye aliyemshika mkewe mkono siku zote, akimwambia tusonge mbele, tusonge mbele.

Mshonaji akashusha pumzi. Alikuwa anaogopa kwamba yeye mwenyewe ataitika, na ameweza kujizuia.

Hapo ikaja hodi ya tatu. Sauti ndogo.

"Baba... hodi. Ni Bosi. Miguu inaniuma."

"Karibu, baba," akasema mume.

Ilimtoka tu. Kama mtu anayepiga chafya.

Mlango haukufunguka. Lakini harufu ya udongo ilipita katikati yao, chini chini, usawa wa magoti, ikaelekea chumbani. Binti akanyamaza papo hapo.

Tangu siku hiyo binti halii. Anaangalia pembeni ya kitanda chake, anacheka, ananyoosha mikono. Nesi wa kliniki haoni ugonjwa. Ila kila wiki mtoto anapungua uzito, na mikono yake imekuwa baridi.

Mshonaji alimpigia simu shangazi yake huko nyumbani.

"Yule bibi simjui, mwanangu, na usinitajie tena. Lakini aliyeingia hatoki mpaka aliyemwitika amwambie ondoka. Kwa mdomo wake. Na asicheleweshe."

Mume anajua. Ameambiwa kwa machozi, ameambiwa kwa ukali. Sasa akitoka kazini anapitia mkate mdogo wa maziwa, anauweka chumbani, anafunga mlango. Mshonaji anamsikia akiongea humo ndani, kwa sauti ya chini, akicheka kicheko ambacho hakukisikia mwaka mzima.

"Mwambie aondoke, baba watoto," ananong'ona kwenye tundu la kitasa. "Binti yetu anaisha."

"Nitamwambia," anajibu mume. "Amelala sasa hivi. Kesho."

Jana pia alisema kesho.