Uji wa Fundi Cherehani

Jirani zangu, sogeeni. Mliopita asubuhi dukani kwa yule fundi cherehani mlimwona mumewe akimpelekea kikombe cha uji. Nani hakumwonea wivu?

Fundi alizaliwa na ugonjwa wa kurithi. Mwili wake haukuweza kuitumia protini sawasawa, hivyo nyama, maharage na maziwa vilimgeukia sumu ya ubongo. Mama yake alimpimia chakula kwa mizani tangu akiwa mchanga. Shuleni wenzake walimwita Sungura kwa kula majani, naye akacheka nao. Alipokua akajipimia mwenyewe. Sasa alikuwa mjamzito, na daktari alishamwonya: sumu ikipanda, atakayeumia ni mtoto tumboni.

Ikapanda.

"Unakula nini kwa siri?" daktari akauliza.

"Sili kitu, haki ya Mungu!"

Mama yake, aliyewasindikiza, akamkazia macho. "Mwanangu, miaka yote nimekulinda, leo unanidanganya?"

Mume alikuwa kando ya mkewe, amemshika mkono. "Hata mimi namshangaa, mama," akasema.

Fundi alilia njia nzima. Akaanza kujishuku, akaogopa hata viazi.

Asubuhi moja alirudi nyumbani kuchukua mkasi aliousahau. Akamkuta mume jikoni, anakoroga maziwa ya unga ndani ya uji wake.

"Ni kwa ajili ya mtoto, mke wangu. Atakuaje kwa majani matupu? Nilitaka apate nguvu."

"Na kule kwa daktari? Naitwa mwongo, na wewe umenishika mkono!"

"Niliogopa utanikasirikia."

Fundi aliumwaga uji kwenye karo la kuoshea vyombo, akaenda kwa mama yake. Mizani ikatolewa tena kabatini.

Sumu ilishuka, lakini kwa kuchelewa. Binti yao alizaliwa na kichwa kidogo. Wa rika lake wanakimbia, yeye bado anafundishwa kukaa. Baba yake huja kumbeba, na hulia machozi ya kweli. Fundi humpa kiti. Ila kikombe kutoka mkononi mwake, hata kiwe cha maji, hakipokei.

Mafunzo

Ugonjwa wa kurithi hauishii utotoni. Mtu hukua nao, huolewa nao, huzaa nao. Mwenye nao akisema hiki kinaniumiza, mwaminini. Na ukishakosea, sema palepale. Mtoto huyu aliumizwa na uji, lakini aliumizwa zaidi na mtu aliyekaa mbele ya daktari akaficha ukweli.