Mkate Mkavu wa Lamara

"Mzabibu, hapa Mnara. Mzigo umo humo ndani. Anayeufuata ni mmoja wa wageni wako watatu. Tunamtaka hai."

"Nimekupata, Mnara."

Redio ilikuwa kwenye sikio la kulia. Sikio la kushoto lilikuwa la Vazha.

Vazha, kaka yake Lamara na jasusi mwenzake, aliwafuata wafanya magendo hapa Kakheti, mkoa wa mizabibu wa Jojia, msimu wa mavuno uliopita. Hakurudi. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Tangu hapo, kila Lamara akiingia mahali penye harufu ya divai, humsikia kaka yake akipumua begani pake. Aliogopa, wala hakujidanganya kuhusu hilo.

Leo alijifanya mkalimani. Mzee Ilarion, mwenye kiwanda hiki kidogo cha divai, aliwapitisha wageni kati ya mitungi iliyofukiwa ardhini hadi midomoni, akiwasimulia habari za zabibu zake kana kwamba anasifia wajukuu. Mume na mke Wajerumani walipiga picha. Bwana Lund wa Denmark, mwenye kipara, alipiga miayo. Hajawahi kufika nchi hii, alisema, wala hajui neno la Kijojia.

Kwenye mtungi wa mwisho, saa ya Casio mkononi mwa Lamara ilitetemeka. Ilikuwa na kipimo cha mionzi ndani.

Hapo, alinong'ona Vazha.

Kichupa kimoja tu, sumu ya kuua mji mzima. Lakini nani amekuja kukichukua?

Wakaketi mezani. Jibini, jozi, mkate wa moto. Mzee akajaza glasi, akasimama, na uchangamfu wote ukamtoka usoni.

"Tuwanywee waliotutangulia," alisema kwa Kijojia.

Lamara alipaswa kutafsiri. Akasema tu, "Afya njema."

Wajerumani waligonganisha glasi na kucheka. Lund hakugonganisha. Alidondosha divai kidogo juu ya mkate wake, taratibu, kisha akanywa kimya, kama wafanyavyo wenyeji kwenye matanga.

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Na wewe, binti yangu?" Mzee aliutazama mkate wa Lamara. "Mkavu huo. Huna marehemu?"

"Sina, baba."

"Basi una bahati kutushinda sote."

Lund akaomba kwenda chooni. Choo kilikuwa nje. Yeye akashika njia ya mitungini.

Lamara alimkuta amepiga magoti, kichupa cha chuma mkononi.

"Weka chini," alisema kwa Kijojia.

Lund akageuka na kisu. Kitako cha bastola ya Lamara, Makarov, kikamvunja kifundo cha mkono. Kisu kikaanguka, kichupa kikabingirika hadi mguuni pa Lamara.

"Umenijuaje?" Kijojia chake kilikuwa safi kabisa.

"Mkate."

Lund akacheka kwa uchungu. "Miaka yote niliyokaa nanyi! Mkono umezoea."

"Ulimnywea nani?"

"Kijana mmoja, Vazha. Nilimuua mwenyewe. Ananinyima usingizi."

Kidole cha Lamara kikakaza. Risasi moja tu, na nani angemlaumu?

"Mzabibu! Hai! Narudia, hai!"

Sema kitu, alimwomba kaka yake. Sikio la kushoto lilikuwa kimya.

"Yuko wapi?"

"Ukinipiga hutajua."

"Ndiyo maana bado unapumua. Yuko wapi?"

Lund akainamisha kichwa. "Ghala bovu kule kilimani, penye mlozi. Mtungi wa pili. Tuliufunika kwa udongo."

Lamara akamfunga pingu kwenye nguzo, akaokota kichupa.

"Mnara, mzigo salama. Mtu hai. Njooni na majembe."

Alirudi mezani. Wajerumani walikuwa bado wanacheka. Akaumega mkate wake, akadondosha divai juu yake.

Mzee Ilarion akamwangalia. "Si ulisema huna?"

"Nilikuwa sijui alipolala, baba."

Akanywa yote. Kisha akachukua koti lake, akatoka, akashika njia ya kilimani bila kugeuka nyuma.