Ukuta wa Kimya na Twiga

Kitu cha kwanza Kimya alichokiona kwa yule kijana hakikuwa macho wala tabasamu. Kilikuwa kiwiko. Kiwiko cha mkono wa kulia, chenye madoa ya bluu, njano, nyekundu na kijani, kama kasuku aliyenyeshewa.

"Samahani dada, naegemea kidogo," alisema mwenye kiwiko, na tayari alikuwa ameshaegemea meza yake.

Darasa zima la uchoraji lilimwita Twiga, kwa sababu hakuna mlango aliowahi kupita bila kuinama. Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi yake mwenyewe, alizunguka meza hadi meza kuangalia wenzake wamechora nini, kama mtu anayepita kuwajulia hali majirani. Alipoegemea, rangi ya mwenye meza ilibaki kiwikoni kwake.

"Watu wako wote umewachora kwa mgongo," alisema. "Lakini huyu mama naona kabisa amechoka. Na huyu wa pembeni anacheka. Mgongo unachekaje? Hebu nifundishe."

Kimya alitaka kumjibu. Jibu alikuwa nalo, tena zuri. Lilipanda hadi kooni, likakaa hapo hapo.

"Usijisumbue, kaka," akadakia msichana wa meza ya jirani, aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Kimya. "Huyo ni Kimya. Mimi ni Redio. Ukitaka neno lake, pitia kwangu."

Darasa likacheka. Kimya naye akacheka, kwa mabega tu.

Ila Twiga hakujua kwamba alikuwa akiibiwa. Zamani vivuli vya Kimya vyote vilikuwa vyeusi kama masizi. Tangu alipoona vya Twiga, vyenye zambarau na bluu ndani yake, aliacha kabisa rangi nyeusi. Kila alipotoka darasani alipitia njia ndefu, ili tu apite nyuma ya meza ya Twiga ajifunze kitu.

Kwa hiyo Mwalimu aliposema wanafunzi watachora ukuta wa chumba cha kusubiria kwenye zahanati, wawili wawili, na kusoma: "Twiga na Kimya," moyo wa Kimya uliruka kama samaki.

"Nusu ya kushoto Twiga, nusu ya kulia Kimya," alisema Mwalimu. "Barabara moja, mtaa mmoja, ukuta mmoja. Na sheria yangu mnaijua: nusu ya mwenzako haiguswi. Kila jioni mnafunika kwa shuka, na shuka la mwenzako halifunuliwi bila yeye. Uzinduzi Ijumaa. Mkifanya vizuri, mtapewa kuta za shule nzima mzichore pamoja, mwaka mzima. Mkivuruga, kila mmoja atatafutiwa mwenzi mwingine."

Mwaka mzima.

Siku ya kwanza pale ukutani, simu ya Twiga ililia mfukoni. Akaitoa, akasoma ujumbe: "Kivuli cha mlango wako ni kizuri sana."

Akageuka. Kimya alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, uso umekaribia kugusa ukuta, anachora dirisha kama hajatuma kitu.

"Dada, umenitumia meseji wewe?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Nami niko hapa hapa?"

Akakubali tena.

Twiga akaangua kicheko hadi wagonjwa kwenye mabenchi wakageuka. Kisha akaketi juu ya kopo la rangi, akaandika: "Asante. Nimeiba mgongo wa yule mama uliyemchora. Sasa mgongo huo uko kwenye duka nililochora. Usinishtaki."

Basi wakawa hivyo. Ukuta mmoja, watu wawili, wanaandikiana kama walioko nchi mbili. Twiga alizungumza kwa mdomo, Kimya akajibu kwa kidole. Mzee mmoja aliyekuja kufungwa kidonda aliuliza, "Huyu binti haongei?" Muuguzi akamjibu, "Anaongea sana, babu. Wewe tu huna simu."

Jumanne Mwalimu akaja kukagua. Alisimama katikati ya chumba. Akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto.

"Nani kati yenu amelewa?"

Kimya akaangalia ukuta, akaona kosa. Mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, mchoraji huuweka usawa wa macho yake. Ndicho walichofundishwa, na ndicho walichofanya. Ila Twiga aliuweka usawa wa macho ya Twiga, na Kimya usawa wa macho ya Kimya. Pale nusu mbili zilipokutana, barabara ilikatika kama ngazi. Mwendesha baiskeli aliyetoka upande wa Twiga alikuwa anakwenda kuvunjika shingo upande wa Kimya.

"Ijumaa wageni wanakuja," alisema Mwalimu. "Mmoja wenu abadilishe. Nani, mtajua wenyewe. Nikikuta bado hivi, napaka ukuta chokaa nyeupe, na mnaachana."

Alipoondoka, Twiga alifuta mikono kwenye suruali.

"Sasa tufuate upeo wa nani? Wangu au wako?"

Kimya alitaka kusema: wako. Alitaka kusema: wowote, mradi tusitenganishwe. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Akainua mabega.

"Hujali?"

Akashusha macho.

"Kimya, mimi si mtoto," sauti ya Twiga ilishuka. "Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Kama umechoka kufanya kazi na mimi, niambie tu. Sitakasirika."

Hakusubiri jibu. Aliinama mlangoni, akaenda.

Chumbani, simu ilipopata chaji, ujumbe wa Twiga ulikuwa unamsubiri Kimya: "Malkia kaniomba niwe mwenzi wake kwa ile kazi ya shule. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa."

Malkia alikuwa bingwa wa darasa kwa kuchora nguo. Mikunjo ya kitambaa chake, ungetaka kuinyoosha kwa pasi.

"Umeona?" Redio alirusha mikono juu. "Umeona sasa? Wewe kaa tu na ukimya wako, mwenzio anachukuliwa! Lete simu nimpigie mimi."

Kimya akaificha simu chini ya mto. Ikalia huko huko chini. Alikuwa mama yake, mshona mapazia, anayesikia machozi ya bintiye hata kama hayajatoka.

"Mwanangu, huyo Twiga unayeniandikia kila siku, amekuudhi?"

"Hapana, mama."

"Umemuudhi?"

"Sijasema chochote, mama."

"Basi ndivyo ulivyomuudhi." Mama yake akacheka kidogo. "Sikiliza. Mdomo ukifungwa nzi hawaingii, ni kweli. Lakini na tonge haliingii, mama. Utakufa na njaa huku umepakuliwa."

Jumatano, kabla zahanati haijajaa watu, Kimya alifunua shuka la upande wake. Akapindua kopo la rangi, akapanda juu, hadi alipokadiria kwamba sasa macho yake yako sawa na ya Twiga. Akatulia hapo juu kidogo. Kumbe dunia anaiona hivi, aliwaza. Vichwa vya watu vyote, na vumbi juu ya makabati. Akafuta mstari wake na kuupandisha. Akainua ardhi, akainua mapaa, akainua na mbwa mmoja aliyemchora na kumpenda sana. Alipomaliza alifunika shuka. Hakuandika ujumbe. Alitaka Twiga aone kwa macho yake.

Ijumaa asubuhi walikutana mlangoni.

"Salama, dada?" Twiga alisema, kama anaongea na mteja.

Kimya akamwashiria ukuta. Twiga naye wakati huo huo alikuwa anauonyesha ukuta. Kila mmoja akavuta shuka lake.

Barabara ilikuwa imekatika tena. Safari hii ilikatika kinyume. Sasa baiskeli ilitakiwa iruke juu kama swala.

"Hee!" Muuguzi alikuwa anapita na trei ya dawa. "Juzi ilipinda huku, leo imepinda kule. Wanangu, huo ni mtaa au bembea?"

Twiga alisogea karibu na ukuta wake, akaweka mkono kwenye mstari mpya, kisha akauweka kifuani.

"Kifungo cha tatu," alisema polepole. "Ukisimama karibu nami, macho yako yanafika kwenye kifungo changu cha tatu. Jana nilishusha anga yote hadi hapo. Nilitaka tufuate wako."

Kimya akalinyanyua kopo lililopinduliwa, lenye alama za soli zake juu. Akamwonyesha.

"Ulipanda juu ya kopo? Ili uone kama mimi?"

Akakubali kwa kichwa, machozi yakiwa karibu.

"Kwa hiyo hukunichoka?"

Akakataa kwa kichwa, kwa nguvu, hadi kitambaa chake cha kichwani kikalegea.

Twiga alianza kucheka. Kicheko kikamshinda, kikamvuta hadi kwenye benchi la wagonjwa, akaketi kama mzigo. Kimya naye akaketi pembeni yake, na kwa mara ya kwanza kicheko chake kilitoka na sauti. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko yeye.

"Kumbe sauti unayo!" Twiga aligeuka kumtazama.

Walikuwa wanatazamana sawasawa. Jicho kwa jicho. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyeinua shingo.

"Subiri," alisema Twiga. "Mbona tumelingana?"

Kimya alitazama miguu ya Twiga iliyojinyoosha hadi katikati ya chumba kama reli. Akatazama ukuta. Akatazama benchi walilokalia, na mabenchi mengine yote, ambako tangu Jumatatu watu walikuwa wakikaa na kusubiri zamu zao. Akashika simu, akaona itamchelewesha, akaitupa kwenye mkoba.

"Hapa," alisema.

Twiga alishtuka kama aliyesikia ukuta unasema.

"Upeo ni hapa," Kimya aliendelea, sauti ikitetemeka lakini ikienda. "Watu watauangalia wakiwa wamekaa. Si wako. Si wangu. Ni wa benchi."

"Wa benchi," Twiga alirudia. Halafu akaruka kama mtoto. "Wa benchi! Mpigie Redio aje na brashi!"

Redio alikuja na brashi, na maneno pia. Waliishusha anga yote. Sheria ya Mwalimu walisahau kabisa. Mkono wa Twiga uliingia nusu ya Kimya, wa Kimya ukaingia nusu ya Twiga, hadi hapakuwa na nusu tena. Redio akawachorea watoto wanaocheka, maana kwa kuchora meno hana mpinzani. Palipobaki kamba tupu kati ya nyumba mbili, Kimya akaanika nguo juu yake, kwa mikunjo ile aliyojifunza kwa kuchungulia meza ya Malkia.

"Unamchora Malkia kwenye ukuta wetu?" Twiga alitania.

"Nguo zake tu," alijibu Kimya. "Yeye mwenyewe abaki kwake."

Redio alidondosha brashi. "Jamani! Nimekaa naye chumba kimoja, sijawahi kusikia hata neno moja la namna hiyo. Huyu atanifuta kazi."

Jioni wageni walijaa. Mwalimu aliingia, akasimama katikati, akakunja uso. Twiga akamvutia benchi.

"Kaa kwanza, Mwalimu."

Mwalimu akakaa. Uso ukamfunguka taratibu. Barabara ilianzia miguuni pake na kwenda mbali, mbali kabisa, na baiskeli ikapita salama.

"Mmegusiana nusu zenu?"

"Tumegusiana, Mwalimu," alikiri Twiga.

"Sheria yangu mmeivunja."

"Vipande vipande, Mwalimu."

Mwalimu akakohoa kuficha kicheko. Malkia naye alikuwa amesogea, anatazama ile kamba ya nguo, pua karibu iguse ukuta.

"Hii mikunjo ni yangu," alisema.

Kimya akamtazama usoni. "Ni yako, dada. Nimeiga. Yako ni mizuri, ndiyo maana."

Malkia akatafuta pa kukasirikia, akakosa. "Shati la pili ungelibana kidogo begani," alisema. "Lakini umejitahidi." Kisha akamgeukia Twiga. "Haya, Ijumaa ndiyo hii. Jibu langu liko wapi?"

Twiga akamtazama Kimya.

"Sitajibu peke yangu," alisema. "Tulikuwa wawili."

"Sawa," alisema Mwalimu. "Mmefanya vizuri, shule ni yenu mkiitaka. Lakini simlazimishi mtu. Kimya, unataka kuendelea na huyu, au nikubadilishie?"

"Mwalimu, huyu anataka..." Redio alianza.

Kimya akamshika mkono Redio, taratibu, kumnyamazisha. Akasimama. Watu wote walikuwa wanamwangalia, wageni, wauguzi, wagonjwa kwenye mabenchi. Lile neno lilipanda kutoka kifuani kama kawaida yake. Lilifika kooni, pale linapokaa siku zote.

Safari hii hakuliacha likae.

"Sitaki kubadilishiwa," alisema, na hata wa mlangoni walisikia. Akageuka, akainua uso hadi akayapata macho ya Twiga kule juu. "Nakutaka wewe. Kwa ukuta unaokuja, na unaofuata, na siku zote ambazo hatutakuwa na ukuta wowote."