Chai ya Rangi Ndani ya Chupa ya Pombe

Duka la kuchapisha kazi lililo mkabala na lango la chuo lina mashine mbili, na siku ya kukusanya ripoti lazima moja igome. Siku hiyo ilikuwa imegoma. Foleni ilitoka mlangoni ikashuka ngazi, feni inapeperusha karatasi za watu, na mwenye duka anafoka kwamba asiye na subira akaandike kwa mkono.

Katikati ya foleni alisimama msichana anayesomea ufamasia, nywele kasuka mistari myembamba, koti lake jeupe la maabara limepigwa pasi likanyooka. Nyuma yake akaingia kijana mrefu, shati la maua, miwani ya jua ndani ya nyumba, na chupa ya pombe kali mkononi.

"Chupa Moja! Chupa Moja!" watu wakashangilia. Mmoja akamvuta wapige picha, mwingine akamgonga kiwiko, na kilichokuwa ndani ya chupa kikaishia kwenye koti jeupe.

"Mungu wangu!" msichana aliruka. "Asubuhi yote hii? Huna hata haya?"

"Samahani, dada'ngu. Nisamehe."

"Nina maabara sasa hivi! Nitaingia nanuka kama..." Alinusa mkono wa koti. Akanusa tena. "Hii ni chai."

Kijana akavua miwani. "Dada, nakuomba, punguza sauti."

"Chai ya rangi. Tena imepikwa vibaya."

"Koti nitalifua mimi, nitalipiga pasi, nitakuletea mpaka mlangoni. Ila usimwambie mtu."

Huyo Chupa Moja, chuo kizima kilimjua na vyuo vingine vilimfuata mtandaoni. Video zake zilikuwa za namna moja tu: anasimama, anainua chupa, anaimaliza bila kupumua, anaondoka na mkoba kwenda darasani. Pombe yenyewe hakuwahi kuionja; harufu yake tu ilimtapisha. Video ya kwanza ilikuwa utani wa chumbani, akaamka asubuhi akakuta watu wasiomjua wanamwita mfalme. Nani angekataa?

Koti lilirudi limefuliwa, na alama ya pasi imeungua kwenye kola. Msichana alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani wewe unajua kufanya nini?"

"Kuomba msamaha. Hilo najua vizuri."

Wakaanza hivyo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya hawa wawili yalikohoa maktaba, kantini na kwenye simu.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari, ni mfamasia. Na sijala, najiandaa na mtihani."

"Basi niandikie dawa. Moyo unanienda mbio."

"Kunywa maji, upumzike. Dalili zikiendelea, muone mfamasia."

"Zinaendelea, laazizi."

"Njoo basi. Lakini usije na chupa."

Alikuja nayo, kwa kuwa alikuwa na video ya kurekodi. Msichana akaiinua dirishani, akaitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Ina utando juu. Mwenye macho atakukamata." Akabandika sufuria. Alichemsha majani, akaacha yapoe, akachuja kwa karatasi ya kuchujia ya maabara, kisha akadondoshea sukari aliyoiunguza kidogo mpaka rangi ikalingana kabisa na ya pombe. Kazi safi, ya mtu aliyefunzwa. Tangu hapo chai yote aliipika yeye. Wapenzi wengine hupikiana wali. Hawa walipika uongo, na waliona ni mchezo wao wa siri usiomdhuru mtu.

Msichana alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo. Huyo alimpenda Chupa Moja kuliko dada mtu. Kila rafiki aliambiwa, "Yule ni shemeji yangu." Jumapili moja alikuja kula kwa dada yake, akauliza huku anatafuna:

"Dada, hivi shemeji anawezaje kumaliza chupa nzima halafu akaenda darasani amenyooka?"

Dada alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria. Siri haikuwa yake peke yake.

"Kazoea," alisema.

Neno lenyewe halikuwa kubwa. Mdogo mtu alilibeba mpaka hosteli.

Simu ilipigwa mchana, msichana yuko kwenye somo la vipimo vya dawa. Aliyepiga ni kijana anayekaa chumba kimoja na mdogo wake.

"Dada, njoo hospitali. Ameanguka. Tunamwita hazinduki."

"Ameanguka vipi? Kala nini?"

"Alikuwa anarekodi, dada. Ile ya shemeji."

Daktari alisema pombe ilikuwa nyingi mno kwa mara moja, na kwamba wangechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza mengine. Msichana akakaa kwenye benchi na simu ya mdogo wake, akaitazama ile video. Wenzake wanahesabu kwa makofi. Magoti yanalegea. Anateleza ukutani, na chini ya picha mioyo myekundu inazidi kupanda na watu wanaandika: Mrithi wa Chupa Moja! Wengi wao hawakujua hata jina lake.

Alipozinduka alitabasamu kwa shida. "Nusu ya chupa imenishinda, dada. Na nimejizoeza wiki kadhaa. Si ulisema shemeji kazoea?"

Dada alitoka nje akalia kwenye ngazi, kisha akapiga simu.

"Kipenzi, nimesikia, niko njiani naja..."

"Usije. Waambie watu ile ni chai."

"Sikumwambia anywe, mpenzi. Wallahi sikumwambia."

"Nani kasema ulimwambia? Ulimwonyesha. Waambie."

"Nikisema, nimekwisha. Jumamosi kuna tamasha, nimetangazwa. Mimi bila ile chupa ni nani?"

"Sijui. Mimi namjua mtu mmoja aliyenifulia koti. Ukimwona, mwambie namtafuta." Akakata.

Alikuwa mkali, na haki alikuwa nayo nusu. Nusu nyingine aliikalia. Alishinda kando ya kitanda cha mdogo wake akimmenyea machungwa, na hakumwambia ni nani aliyekuwa akipika. Chupa Moja alipiga simu, hakupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti, haukusikilizwa. Akadhani amechukiwa. Kumbe mwenzake alishindwa kuisikia sauti yake kwa aibu.

Jumamosi mchana uwanja wa chuo ulijaa. Mdogo mtu, karuhusiwa kutoka hospitali lakini bado kakonda, alimwomba dada yake wakaone. "Nataka nimwone akimaliza, dada. Nijue nilikosea wapi." Dada akaenda naye, miguu mizito.

Chupa Moja alipanda jukwaani bila miwani, shati jeupe, kwapani chupa ya chai ya moto, ile ya nyumbani. Mkononi chupa tupu ya pombe. Simu zikainuliwa. Akafungua kifuniko, akamimina chai taratibu kwenye chupa tupu, mvuke ukapanda, watu wakaangaliana.

"Hii ni chai," alisema. "Siku zote ilikuwa chai. Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Kuna mwenzetu kaniiga, yeye akanywa ya kweli, akalazwa. Nilikuwa nawadanganya. Basi."

Mtu akacheka, akidhani ni kichekesho. Kisha zikaanza zomeazomea. "Mwongo! Shuka!" Chupa za plastiki zikaruka. Sauti ikapigwa kutoka mbele: "Nani alikuwa anakupikia?"

"Nilipika mwenyewe," alijibu, na akashuka.

Mdogo mtu alimfuata kwa macho. "Shemeji apike?" alisema polepole. "Huyu aliyeunguza mayai mpaka sufuria ikatupwa?" Akamgeukia dada yake, na uso wake ukabadilika. "Dada."

"Ni mimi," dada alisema. "Nilikuwa napika mimi."

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unakoroga nini?"

"Hiyo hiyo."

Mdogo wake aliondoka, akipenya katikati ya watu wanaoimba tusi jipya: Bwana Chai.

Wafuasi walikimbia. Kabla ya mwezi kwisha kijana wa chuo kingine aliuchukua ufalme, na yeye, kwa mujibu wa wanaomjua, hanywi chai. Msichana alimkuta Bwana Chai amekaa peke yake kantini, anasoma.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Chupa ilikuwa yangu."

"Chai ilikuwa yangu."

"Basi tugawane," alisema, akasogea kwenye benchi. Msichana akakaa. Hawakushikana mikono. Walimwazia mtu mmoja.

Mtu huyo alikuja Jumapili, bila kupiga hodi, akawakuta wote wawili chumbani kwa dada. Akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

"Kuna chai?"

Dada akawasha jiko. Chai ilipoiva akamimina. Mdogo wake alipokea kikombe, akakinusa, akakinusa tena, kisha akamnyooshea shemeji yake.

"Anza wewe."

Shemeji akanywa fundo, akarudisha. Kijana akanywa naye, taratibu, mpaka kikombe kikaisha.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," dada alisema.

"Tamu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Dada yake akampa Bwana Chai sufuria, akaenda kumshika, na Bwana Chai akabaki nayo mkononi, akiogopa kuiweka chini isije ikapiga kelele.